Kibao cha Mninga

Wameniletea ubao wa mninga, futi nne kwa moja na nusu,
na karatasi ya halmashauri yenye muhuri uliofifia:
SHULE YA MSINGI MIHAMBO KASANGA.
Chini yake mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa,
kisha neno moja, MTETEZI.
Herufi nyeupe. Elfu sitini, nusu baada ya kazi.

Tangu asubuhi naupiga msasa hapa barazani, Sikonge,
na vumbi lake jekundu limenishika kwenye kope.
Mninga ukiujeruhi hutokwa damu, fundi yeyote atakwambia.
Mimi sisemi kitu. Mimi nachora herufi.

Mwaka ule lori lilifika Ulimba na mgambo sita.
Baba alikuwa na mizinga kumi na minane porini,
akaomba wiki mbili, asali iive, arine, ndipo ahame.
Mheshimiwa alisimama juu ya bodi ya lori,
kaunda suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni,
akasema, "Historia haimsubiri nyuki."
Watu wakacheka. Nakumbuka vizuri,
maana baba naye alicheka.
Kisha wakatia kibiriti kwenye paa.

Bibi Nyanzala alifia kijiji kipya siku ya tisa,
mvua ikimpiga, mabati yakiwa bado Tabora stesheni.
Taarifa ya wilaya ilisema: zoezi limekamilika bila tukio.
Bila tukio.
Bibi yangu alikuwa bado na meno yote.

Lakini ngoja, kabla brashi haijakauka, niseme na hili.
Mtu huyo huyo alibeba matofali begani pamoja nasi,
usiku, kwa taa ya chemli, mpaka shule ikasimama.
Akamfuata mwalimu Tabora kwa baiskeli,
akarudi naye amempakia nyuma, magoti yamevimba.
Mle darasani ndimo nilimofundishwa M:
vilima viwili, alisema mwalimu, na bonde katikati.
Hii M ninayoichora sasa imetoka kwake.
Na hakuiba. Miaka yote ile funguo za ghala alishika yeye,
na alikufa paa lake likivuja.

Sasa niambieni, nyie mnaojua hesabu:
matofali mangapi hufuta bibi mmoja?
Sisi tulifundishwa kujumlisha na kutoa
vitu vya aina moja tu, machungwa kwa machungwa.

Jana mjukuu wake alikuja kutazama kazi,
binti mpole, amechukua macho ya mzee.
"Ulimfahamu babu?"
Nikasema, ndiyo, nilimfahamu.
Akasubiri.
Nikachovya brashi.

MTETEZI nimeliandika. Sikulipinda, sikulipunguza;
watoto wake wana haki ya kulisoma, na pengine ni kweli,
alitetea kitu, ila si sisi, si siku ile.
Kisha nikaugeuza ubao, na kwa rangi ile ile,
herufi ndogo kidogo, nikaandika:
ULIMBA. KAYA SITINI NA TATU. NYANZALA.
Nikatoboa matundu mawili juu, nikapitisha mnyororo.

Mtendaji wa kata akauliza kwa nini kisipigiliwe ukutani
kama vibao vya shule nyingine.
Nikamwambia hiki ni cha kuning'inia, kama mzinga;
upepo wa Agosti utakuwa ukikigeuza wenyewe.
Akakigeuza kwa mkono. Akasoma.
Alikaa kimya muda mrefu,
kisha akauliza kama rangi imekauka.

Kimetundikwa tangu Jumatatu.
Nusu ya pili bado hawajalipa.